Mkasi Katika Shamba la Mizabibu

Somo letu ni Yohana 15, mistari minane ya kwanza, ambapo Bwana anajiita mzabibu na kumwita Baba mkulima. Sisi wa Migori na Homa Bay twalisoma somo hili mara nyingi, lakini wengi wetu hatujapata kuuona mzabibu hata mmoja. Twajua muwa, mtama, mhogo na samaki. Kwa hiyo leo tuuangalie mzabibu wenyewe, jinsi unavyolimwa na familia isiyo na mali nyingi, ndipo maneno yale ya kukata matawi yatakapoeleweka.

Hakuna haja ya kusafiri mpaka Palestina. Jirani zetu wa Dodoma, Tanzania, wanalima zabibu tangu miaka ya 1950, wamisionari wa Kikatoliki walipoipanda mizabibu huko Bihawana. Nchi ile ya Wagogo ni kavu. Mvua yake haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mgeni huihurumia, lakini mzabibu huipenda, kwa sababu adui yake mkubwa ni ukungu wa majani, na ukungu hutaka unyevu. Kwetu kando ya ziwa, pamoja na mvua za masika na za vuli, ukungu ungekuwa nyumbani kwake.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza mimi. Katika nchi za Biblia baridi ya kipusa hulaza mzabibu. Majani huanguka, na majira ya joto yakirudi mti huamka na kuzaa. Dodoma haina baridi ya namna hiyo. Mzabibu wa pale haulali. Ukiuacha, utaendelea kutoa majani na vikonyo mwaka mzima, wa kijani kibichi, wa kupendeza macho, na zabibu zake zitakuwa chache tu. Kinachouamsha kuzaa ni mkasi. Mkulima hukata karibu yote yaliyoota, akibakiza vijiti vifupi vyenye macho mawili au matatu. Baada ya wiki mbili hivi macho yale hufumuka, na vichala hutokea katika machipukizi hayo mapya. Tangu siku ya kukata mpaka kuvuna ni kama miezi minne, na kwa njia hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: karibu na Februari au Machi, na tena Agosti na Septemba.

Mtu wa Awendo ataniambia, “Kasisi, hata muwa hukatwa ukachipua.” Ni kweli, lakini muwa twaukata tukiwa tayari tunabeba mavuno. Mkulima wa zabibu hukata mkono mtupu. Akichelewa, au akikosea mwezi, matunda yataiva mvua ikinyesha, yapasuke na kuoza, na karo ya watoto iende nayo. Basi siku ya mkasi ndiyo siku nzito kuliko zote katika nyumba ile.

Chuoni tulifundishwa kwamba katika Kiyunani maneno mawili ya mstari wa 2 yanafanana kwa sauti: airei, kuondoa, na kathairei, kusafisha. Tawi kavu huondolewa. Tawi zima husafishwa. Kwa mtazamaji wa mbali kazi hizo mbili ni moja, kwa kuwa zote mbili huacha vijiti chini. Lakini mwenye shamba anajua ni lipi alilolitupa na ni lipi analolitegemea.

Familia isiyopenda kutumia madawa ya viwandani hutegemea mkasi huo huo kwa tiba. Hupunguza majani yanayofunika vichala ili upepo na jua vipite, na ukungu ukose makao. Huweka samadi ya mbuzi na ng'ombe shinani. Ukungu ukizidi hunyunyiza unga wa salfa, ambayo ndiyo ile Biblia yetu inayoiita kiberiti katika habari za Sodoma! Tena hupita kila mstari asubuhi, kwa maana asiye na dawa kali sharti awe na macho makali.

Zabibu zikiiva hazingoji. Mwaka ambao wanunuzi ni wachache huweza kuozea shambani, na hiyo ni sababu moja ya watu wengine kuzikamua wenyewe. Maji ya zabibu nyingi nyeusi hayana rangi. Wekundu umo katika maganda. Kwa hiyo huziponda na kuziacha pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa. Hamira hula sukari, povu hupanda, na hewa inayozima mshumaa hutoka. Ndiyo maana viriba vikuukuu vilipasuka katika Marko 2:22. Kisha hukamua, hutia katika chombo kilichofungwa vizuri, na kungoja miezi hata mashapo yatue. Hewa ikiingia, mvinyo hugeuka siki. Kilo moja na nusu hivi ya zabibu hutoa lita moja.

Najua wengi wenu, ndugu wa Uamsho, hamgusi kileo, wala sitaki mwanzishe leo. Changaa imebomoa nyumba za kutosha katika vijiji vyetu. Lakini tukipiga magoti mbele ya meza ya Bwana, kilichomo kikombeni, kama ni divai ya kweli, kimetoka katika mti uliokatwa miezi mingi kabla, na mtu ambaye siku ile hakuwa na chochote mkononi ila mkasi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaanza mstari wa 9.