Neno Hili ni la Nani? Urejeleaji wa Vyanzo vya Aina Mbalimbali katika Tafiti za Mkoa wa Mara

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kurejelea vyanzo vya aina tofauti kwa mtindo wa APA, kwa kutumia mifano ya Musoma, Bunda na Butiama. Inajenga hoja kwamba kanuni za mtindo huo zinatosheleza kitabu na makala ya jarida, lakini zikifuatwa kwa mazoea tu zinaweza kulifuta jina la mtu ambaye maarifa ni yake hasa: mfasiri, mwanahistoria mwenyeji na msimulizi.

Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi ya Wazanaki hurudi kutoka Butiama na shehena ya vitu mchanganyiko: daftari la mahojiano, sauti alizorekodi, picha za maelezo ya makumbusho, nakala za majalada ya kikoloni na vitabu viwili vitatu. Afunguapo mwongozo wa urejeleaji, hukuta maelezo tele kuhusu kitabu na makala, na machache kuhusu hivyo vingine. Matokeo yake huonekana katika tasnifu nyingi. Vitabu huorodheshwa kwa ukamilifu hadi nukta ya mwisho, ilhali wazee waliotoa data yenyewe hugeuka kuwa “Mhojiwa wa 1” na “Mhojiwa wa 2”.

Mwandishi, mfasiri na chama

Tuanze na kilicho chepesi. Tafsiri ya J. K. Nyerere ya tamthiliya ya Shakespeare ilichapishwa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, kisha ikatoka toleo lililorekebishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwandishi ni Shakespeare. Nyerere ni mfasiri. Katika orodha itaandikwa: Shakespeare, W. (1969). Juliasi Kaizari (J. K. Nyerere, Mfas.). Oxford University Press. Ndani ya matini huwekwa miaka miwili, wa chapa ya kwanza ya matini asilia na wa tafsiri: (Shakespeare, 1623/1969). Toleo la saba la APA halidai tena mahali pa uchapishaji. Majarida yetu kadhaa bado yanapadai, na mwandishi hana budi kufuata jarida analoliandikia.

Hata hivyo, anayechunguza Kiswahili cha Nyerere hawezi kutosheka na mabano hayo, kwa kuwa msamiati anaouchambua si wa Shakespeare. Sentensi yenyewe imtaje mfasiri: “katika tafsiri ya Nyerere (Shakespeare, 1623/1969)”. Tena asiyachanganye matoleo mawili kana kwamba ni kitabu kimoja. Jina la kazi peke yake linaonyesha kwamba mfasiri alibadili uamuzi wake, na mabadiliko hayo ndiyo data.

Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoazimia elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977, huleta kosa la upande wa pili: mara nyingi hupewa Nyerere. Azimio lilitolewa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, hivyo mwandishi wake ni TANU. Wala isibadilishwe kuwa CCM kwa sababu tu TANU iliungana na ASP mwaka 1977. Taasisi hurejelewa kwa jina lililokuwamo kwenye chapisho. Ndiyo maana Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 hubaki kuwa ya TUKI, ijapokuwa taasisi hiyo leo ni TATAKI.

Mhariri na mwenyeji

Mwaka 2003 Jan Bender Shetler alihariri kitabu Telling Our Own Stories, kilichokusanya historia za jamii za Mara Kusini zilizoandikwa na wenyeji wenyewe, wakiwamo Waikizu wa Bunda. Anayeandika “Shetler (2003) anasema” kisha akaleta simulizi la asili ya Waikizu, amemtia mhariri maneno yasiyo yake. Sehemu ya kitabu hurejelewa kwa jina la aliyeiandika. Jina la mhariri huja baada ya anwani ya sehemu hiyo. Hili si suala la adabu tu. Historia za koo hugusa ardhi, utawala na nani alitangulia kufika, na kila mwandishi huandika akiwa na mahali anaposimama. Msomaji asiyejua nani anasema hawezi kuupima ushahidi huo.

Nyaraka zina mtego wake. Taarifa ya Hans Cory ya mwaka 1945 kuhusu mfumo wa koo katika Wilaya ya Musoma ni maandishi ya taipu yasiyochapishwa, kwa hiyo mwandishi, mwaka na anwani havitoshi. Huongezwa jina la mkusanyo, namba ya jalada na maktaba inayoutunza. “Musoma” ya wakati huo, isitoshe, ilikuwa pana kuliko ya leo, na Butiama ilifanywa wilaya mwaka 2012. Jina la waraka liachwe lilivyo, na eneo la sasa liwekwe katika mabano ya mraba.

Msimulizi

Kwa kanuni ya kawaida ya APA, mahojiano ya mtafiti yasiyoweza kufikiwa na msomaji huhesabiwa kuwa mawasiliano binafsi: hutajwa ndani ya matini na kuachwa nje ya orodha. Kwa barua au simu, kanuni hiyo ina mantiki. Kwa ngano iliyorithiwa vizazi kadhaa, inaudhi. Toleo la saba lenyewe limeona pengo hilo na kuruhusu maelezo zaidi kwa maarifa ya jadi: (Jina la Msimulizi, Mzanaki, Butiama, mawasiliano binafsi, tarehe). Napendekeza tuongeze lugha. Ikiwa ngano ilisimuliwa kwa Kizanaki nasi tunainukuu kwa Kiswahili, maneno tunayoyasoma ni ya msimulizi na ya mfasiri pia, na wote wawili watajwe.

Jina liulizwe. Bibi anayejulikana kijijini kwa jina la mwanawe wa kwanza huenda angependa kuandikwa kwa jina lake mwenyewe, au kinyume chake. Akiomba kufichwa, afichwe, na mtafiti aseme kwamba jina alilotumia ni la kubuni. Lakini ufiche usiwe desturi ya kujaza fomu. Mtoa maoni kuhusu jambo nyeti anahitaji kulindwa. Mtambaji hodari wa ngano ni msanii, na msanii asiye na jina amenyang’anywa kazi yake.

Njia iliyo bora zaidi ni kuikabidhi rekodi kwenye maktaba ya chuo, kwa idhini ya msimulizi, na nakala irudishwe kijijini. Rekodi ikishapata namba ya utambulisho huwa chanzo kinachofikika, na jina la msimulizi huingia katika orodha ya marejeleo kwa haki sawa na la Shakespeare. Unukuzi wake hufuata utaratibu uleule wa kitabu, ila dakika na sekunde huchukua nafasi ya ukurasa.