Matembezi ya Watamu na Saa za Maji

Mgeni afikaye Watamu, kusini ya Malindi, hupenda kutembea pwani peke yake. Si kosa, lakini na aulize maji kwanza. Siku za bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, maji hupwa kadiri ya saa 4 asubuhi, mchanga ukawa wazi mbali sana. Yapatapo saa 10 alasiri bahari imekwisha jaa, na njia aliyoijia haipo. Katika hori ya Mida hatari yazidi: maji huingia kwa mifereji ya mikokoni, nyuma ya mtu ashughulikaye kutazama ndege. Wavuvi walijua hayo tangu utoto, wageni hawaulizi. Alasiri kama hizo twaona heri kwenda Gede, kutazama magofu ya mji uliohamwa katika karne ya 17, chini ya kivuli cha msitu.