Haidrenjia ikigeuka rangi, udongo ndio uliobadilika

Katika bustani nyingi za Limuru na Tigoni, haidrenjia ni ua la kawaida: kichaka chenye majani mapana na vichwa vya mviringo vya maua madogo yaliyobanana. Mmea hudumu miaka mingi, na baada ya muda wenyewe huanza kulalamika kwamba maua yaliyokuwa ya samawati sasa yametoka ya waridi, au zambarau iliyofifia. Wengine hulaumu kitalu kwa kuwauzia mche usio halisi. Lawama hiyo mara nyingi haina msingi, kwa kuwa mche ni ule ule.

Ua la samawati na ua la waridi hutumia kemikali moja ya rangi, iitwayo anthosiyanini. Ikiwa peke yake, huonekana ya waridi. Ikiungana na madini ya alumini ndani ya ua, hugeuka samawati. Udongo mwekundu wa nyanda za juu una alumini tele, lakini mizizi haiwezi kuifyonza hadi iyeyuke, nayo huyeyuka udongo unapokuwa na asidi nyingi. Asidi hiyo hupimwa kwa kipimo cha pH, ambapo 7 ni katikati na kila namba inavyoshuka asidi huongezeka. Chini ya 5.5 haidrenjia huelekea samawati, ikizidi 6.5 huwa ya waridi. Kati ya hapo hutoka zambarau, au kichaka kimoja hubeba rangi mbili. Zile nyeupe haziathiriwi na udongo kwa namna hii.

Ndiyo maana anayekata tawi la samawati kwenye ukanda wa majani chai na kulipanda Juja, kwenye udongo mweusi unaonata na kupasuka wakati wa kiangazi, asishangae likichanua waridi. Chai yenyewe hupenda udongo wa asidi, kwa hiyo inakostawi chai, samawati hupatikana bila jitihada.

Lakini bustani haijahamishwa, mbona rangi ibadilike? Mara nyingi jibu liko jikoni. Jivu la kuni linalomwagwa kwenye shina la maua hupunguza asidi, na likimwagwa miezi kadhaa mfululizo alumini huacha kuyeyuka. Saruji na lipu ya nyumba hufanya vivyo hivyo: mvua huosha chokaa yake hadi ardhini, na kichaka kilicho ukutani huweza kuwa cha waridi upande wa nyumba na cha samawati upande wa nje. Maji ya kisima kirefu, hasa yale yasiyotoa povu la sabuni kwa urahisi, pia huondoa asidi polepole. Yote haya huchukua muda, na ndiyo sababu mabadiliko huonekana maua ya msimu mwingine yanapochanua.

Si kila ua hufuata udongo, hata hivyo. Mawaridi ya kununua huwa yameunganishwa juu ya shina la waridi gumu la aina nyingine. Chipukizi likitoka chini ya kiungo na kuachwa likue, hatimaye huishinda aina iliyonunuliwa, na mwenye bustani huona waridi lake jekundu “limegeuka”. Dawa yake ni kulichomoa chipukizi hilo mapema, kwenye mzizi linapotokea.

Haidrenjia inastahili kuangaliwa hata na asiyejali maua. Kiwango kile kile cha pH 5.5 ndicho ambacho chini yake alumini huanza kudhuru mizizi ya mahindi. Mizizi hubaki mifupi na minene, mmea hukosa maji mapema, na fosforasi iliyo kwenye mbolea hushikwa na udongo kabla haijaufikia mmea. Mkulima hununua mfuko wa DAP, halafu sehemu kubwa ya fedha zake hubaki ardhini. DAP ikitumiwa msimu baada ya msimu, naitrojeni yake iliyo katika umbo la amonia huzidisha asidi hiyo hiyo. Kwa hiyo haidrenjia ya samawati isiyowekewa dawa yoyote kando ya shamba la mahindi ni sababu tosha ya kupima udongo kabla ya kununua mbolea nyingine.

Ua haliwezi kusema chokaa kiasi gani inahitajika. Hilo ni kazi ya maabara. Sampuli huchukuliwa sehemu 10 hadi 20 za shamba kwa kupita kwa mkato wa zigizaga, kina cha sentimita 20, na kuchanganywa kwenye ndoo safi ya plastiki. Nusu kilo ya mchanganyiko inatosha. Mahali palipochomwa takataka, palipolundikwa samadi au palipotiwa mbolea karibuni paachwe. Maabara za KALRO zilizoko Kabete hupima udongo kwa ada, na afisa wa kilimo wa wadi anaweza kumsaidia mkulima kuelewa matokeo. Chokaa ya kilimo ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Isitiwe kwenye chai, na kwenye viazi itumiwe kwa tahadhari, kwani ikizidi huchochea ugonjwa wa magamba kwenye ganda.

Anayetaka tu kurudisha samawati ya bustani yake aanze kwa kuacha jivu, kisha amwagilie maji ya mvua. Salfeti ya alumini, ndugu wa shabu inayosafishia maji, huharakisha kazi hiyo, ila ikizidi huunguza mizizi. Kamwe isiwekwe penye sukuma wiki.