Mtoto kaandika "NIOSHE" kwenye gari? Weka mkanda chini, chukua ndoo

Kila mtaa wa Mwanza una gari lililoandikwa NIOSHE kwa kidole. Watoto wanatoka shule, wanalikuta limejaa vumbi, mmoja anaandika, mwenzake anachora mpira, wanacheka. Kesho yake gari linaoshwa na kumbe neno bado lipo, limebaki alama nyembamba inayoonekana jua likipiga upande. Hapo ndipo baba anapovua mkanda kiunoni.

Mzazi mwenzangu, ngoja kwanza. Kidole cha mtoto hakina ukali wa kukwaruza rangi. Kilichokwaruza ni vumbi. Jiji letu limekaa juu ya miamba ya granaiti, na vumbi la mwamba huo lina chembe ngumu kuliko rangi ya gari, ngumu hata kuliko bati la bodi. Mtoto amezisukuma tu. Na baba anayepangusa gari kwa kitambaa kikavu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini amelikwaruza mara nyingi kuliko huyo mtoto, ila yeye hakuandika neno.

Habari njema ni kwamba mikwaruzo ya namna hii kwa kawaida haifiki mbali. Rangi ya gari ina tabaka: chini kabisa bati, kisha rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu yake tabaka angavu la kung'arisha ambalo mafundi huliita klia. Klia ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari, lakini mkwaruzo mwepesi huishia humo.

Utajuaje? Mwagia maji pale penye alama. Ikipotea palipolowa na kurudi pakikauka, iko kwenye klia na unaweza kuishughulikia nyumbani. Kisha pitisha ukucha taratibu kukatisha alama. Ukucha ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, mwachie fundi rangi.

Fanya kazi asubuhi, kivulini, bodi ikiwa ya baridi. Mwite huyo mwandishi wa NIOSHE ashike ndoo, maana hapa kuna somo analoliona kwa macho. Mwagia gari maji mengi kwanza vumbi liondoke lenyewe. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, la sivyo mchanga ule ule unaurudisha kwenye rangi. Shampuu ya gari ndiyo inayofaa. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali na inaondoa nta. Wale wadudu wadogo wa ziwani waliokaukia kwenye boneti usiwasugue, walowanishe kwa kitambaa chenye maji mpaka walainike.

Gari likikauka, chukua kompaundi laini ya kung'arishia rangi, inauzwa kwenye maduka ya spea. Weka kiasi cha punje ya haragwe kwenye kitambaa laini kisafi. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Kisha sugua alama kwa mkono mwepesi, eneo dogo kama kiganja, dakika moja hivi, futa, tazama. Rudia mara mbili au tatu, usizidishe, kwa sababu klia unayoisugua hairudi. Kwenye kingo za milango na boneti kuwa mwangalifu zaidi, huko rangi ni nyembamba. Kitambaa kikianza kuchukua rangi ya gari, simama: ama umemaliza klia, ama gari ni la zamani ambalo halikuwekewa klia kabisa. Malizia kwa nta, na kopo la kompaundi liweke mbali na watoto.

Dawa ya meno nayo? Inaweza kufifisha alama hafifu sana, kwa kuwa ina chembe za kusugulia, lakini usitegemee zaidi ya hapo. Sitili waya isiguse gari kamwe. Petroli na thina huharibu rangi, na mafuta ya breki huimenya kabisa, hata anayekushauri akiwa jirani unayemheshimu.

Kuhusu maji, najua wapo wanaopeleka gari mpaka ufukweni wakachota ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunayoyanywa. Hata mjini, sabuni inayoingia kwenye mitaro huishia Mto Mirongo, na Mirongo unamwaga Ziwa Victoria. Oshea penye majani au kokoto, maji yazame ardhini.

Ukiona bati limetokeza, usisubiri mvua za vuli, kutu huanza hapo na kutambaa chini ya rangi nzima. Kabla ya kwenda kwa fundi, fungua boneti utafute kibati chenye maelezo ya gari. Kwenye Toyota zetu nyingi kutoka Japani, namba ya rangi iko palipoandikwa COLOR au C/TR. Kwa mfano, 040 ni nyeupe. Ipige picha kwa simu, umwonyeshe fundi achanganye kwa namba hiyo, asikisie kwa macho.