Pesa ya Inua Jamii Ikiingia kwa Simu, Nani Anajua PIN?

Embu kuna Majengo, na Meru pia kuna Majengo. Kwenye mitaa kama hii, shosho na guka wengi hulipia chumba, maji na unga kila mwezi bila shamba la kuwasaidia. Kwao Inua Jamii si pesa ndogo.

Mpango huu wa serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, familia zinazolea mayatima, na watu wenye ulemavu mkubwa. Ukigawa, ni kama shilingi 66 kwa siku. Kwa hivyo mia mbili ikipotea, siku tatu zimeenda.

Zamani ilikuwa ni kupiga foleni benki. Wengine wamepokea kwa simu, na nauli imeokolewa. Shida ni kwamba PIN mara nyingi iko na mjukuu, jirani au ajenti. Shosho akiambiwa "bado haijaingia", atajuaje?

Kama una mzazi au jirani anayepokea, kaa naye dakika kumi muangalie haya:

1. Laini iwe kwa jina lake. Ikiwa ya mtu mwingine, pesa iko mikononi mwa huyo mtu.
2. PIN achague mwenyewe. Asitumie mwaka wa kuzaliwa. Uko kwa kitambulisho, na ajenti hukiona kila akitoa pesa.
3. Ada ya kutoa hukatwa kwa simu. Ajenti akiomba "ya chai" juu yake, akatae.
4. Laini yake isikopewe. Mjukuu akichukua ovadrafti, pesa ikiingia deni hukatwa kwanza.
5. Kujiandikisha ni bure. Anayepiga simu akitaka "pesa ya usajili" ni mwizi. Kata simu.

Na kama macho au mikono haimruhusu kushika simu? Mpango unakubali mwangalizi aliyeandikishwa rasmi. Anzia kwa afisi ya chifu, uulize utaratibu. Hapo kuna jina la mtu wa kuulizwa pesa ikipungua. PIN ikizunguka mtaani, hakuna wa kuulizwa.

Leo jioni, muulize tu: "Shosho, PIN yako inajulikana na nani?" Kama jibu si "mimi pekee", mbadilishe mkiwa hapo hapo.