Usishushe Giaboksi Kabla ya Kupima

Mtaa wa Kigobe, kaskazini mwa mto Ntahangwa jijini Bujumbura, unajulikana zaidi kwa jumba la Bunge la Burundi. Lakini ni mtaa wa ujenzi pia, na ujenzi wa Bujumbura hauachani na maji. Mvua zinazoshuka kutoka milima ya mashariki hupitia makorongo yanayoukata mji kabla ya kumwagika Ziwa Tanganyika, na mafuriko ya Februari 2014 yaliua makumi ya watu katika vitongoji vya kaskazini. Mitaro haina budi ichimbwe, vifusi vizolewe, kuta za kuzuia udongo zijengwe. Kazi hizo huangukia mtambo wenye bakuli mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, ambao wengi huuita JCB hata ukiwa umetoka kiwanda cha Case au Caterpillar. Mtambo wa aina hiyo ukishazeeka, hufika siku injini inanguruma, mkono unachimba, bakuli linapanda, lakini magurudumu yamegoma. Hapo hukumu ya haraka huwa moja: giaboksi imekufa, ishushwe. Hukumu hiyo haifai kutolewa kabla ya vipimo. Na pale ambapo fedha za kigeni ni adimu na kipuri husafiri kutoka bandari ya Dar es Salaam, hakuna hatua ya matengenezo inayolipa kuliko kupima.

Sababu iko katika namna nguvu inavyosafiri ndani ya mtambo. Kampuni ya JCB ya Uingereza ilianza kutengeneza mitambo hii mwaka 1953, Case ya Marekani ikafuata na wa kwake mwaka 1957, na tangu hapo umbo la bakuli mbele na mkono nyuma halijabadilika sana. Katika mingi inayotumika sasa, injini huzungusha bamba la chuma, bamba huzungusha torki konveta, yaani chombo kinachopitisha nguvu kwa mzunguko wa oili badala ya chuma kushikana na chuma. Mzunguko huohuo huendesha pampu ya giaboksi. Oili ya pampu ndiyo inayobana klachi mbili, moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, kisha nguvu hupita kwenye gia, propela shafti, difu na hatimaye magurudumu. Katika mitambo mingi, wenzo wa mbele na nyuma haugusi gia yoyote. Hutuma umeme tu kwenye solenoidi, nayo hufungua njia ya oili. Kwa hiyo ili mtambo usogee, vitu vitatu lazima vikutane: umeme, oili yenye shinikizo, na chuma kisichovunjika. Bomba la jikoni likikauka, hakuna anayebomoa ukuta kabla ya kutazama kama tangi lina maji na koki imefunguliwa. Giaboksi nayo inastahili heshima hiyo.

Ushahidi wa kwanza haugharimu chochote, nao ni kuuliza kwa makini mtambo unakataa nini. Ukikataa mbele na nyuma kwa pamoja, mashaka yaelekezwe kwenye kile kinachotumiwa na pande zote mbili: oili, pampu, bamba la konveta, umeme wa jumla, au sehemu zilizo baada ya giaboksi. Ukienda mbele na kukataa nyuma, pampu ina uwezekano mdogo wa kuwa mkosaji, kwa kuwa klachi moja inalishwa vizuri; tazama solenoidi, waya au klachi ya upande uliokufa. Ukisogea vizuri asubuhi na kulegea mchana, baada ya kupanda mara kadhaa kutoka kando ya ziwa, yaelekea oili iliyopata joto na kuwa nyepesi inavuja kwenye sili zilizochakaa au ndani ya pampu. Ukikataa ukiwa baridi na kukubali ukipata joto, huenda filta au chujio la njia ya kufyonza limeziba, au sili zimekuwa ngumu. Hakuna dalili inayotosha kuhukumu peke yake, kwani hata koili ya solenoidi yenye hitilafu huweza kufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Kazi ya dalili ni kutuambia tuanzie wapi.

Hatua inayofuata ni kupima vya nje. Kiwango cha oili kipimwe kwa namna anayotaka mtengenezaji, maana wapo wanaotaka injini iwe imezimwa na wapo wanaotaka iwe inanguruma. Oili yenye harufu ya kuungua inashuhudia klachi zinazoteleza. Yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Yenye vumbi linalometameta imebeba chuma. Kipo pia kipimo kingine kisichohitaji chombo: injini ikiwaka, pampu huvuta oili, na kiwango kwenye kijiti hubadilika. Kisipobadilika kabisa, huenda bamba linalounganisha injini na konveta limekatika, na pampu haizunguki kamwe. Kisha uje umeme: fyuzi, kitufe cha kukata gia kilicho kwenye wenzo, na swichi ya breki ya mkono, ambayo ikiharibika huiambia giaboksi kwamba breki imevutwa hata kama imeachiliwa. Ikiwa upande mmoja tu umekufa, plagi za solenoidi mbili zinaweza kubadilishana mahali, mtambo ukiwa umeinuliwa na kuegemezwa imara, magurudumu yote hewani na watu wakiwa mbali, kwa sababu sasa mbele itakuwa nyuma. Magurudumu yakizunguka upande uliokuwa umekufa na kukataa ule mwingine, kosa ni la waya au wenzo. Yakiendelea kukataa upande uleule, kosa ni la solenoidi yenyewe, valvu au klachi. Dakika chache zimegawa tatizo katika nusu mbili.

Baada ya hapo huja geji ya shinikizo. Giaboksi nyingi za aina hii zina matundu ya kupimia yaliyofungwa kwa vizibo, na shinikizo la klachi kwa kawaida huwa kati ya bar 10 na 20; namba kamili hutoka kwenye kitabu cha mtambo husika. Kipimo kifanywe oili ikiwa baridi na kirudiwe ikiwa moto, mbele na nyuma. Shinikizo likiwa dogo pande zote, tafuta pampu, filta au valvu ya kurekebisha. Likishuka upande mmoja, kuna uvujaji kwenye klachi ya upande huo. Kipimo cha pili ni kukanyaga breki za mguu kwa nguvu, kuweka gia na kuongeza mafuta kwa sekunde chache tu, kisha kusoma mizunguko ya injini. Breki ya mkono haitumiki hapa, maana katika mitambo mingi hukata gia. Mizunguko ikipita kiwango cha kitabu, klachi inateleza. Isipokifikia, injini ni dhaifu au konveta ina kasoro. Tofauti hiyo ina uzito Bujumbura, ambako uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umewazoesha watu kuhifadhi dizeli kwenye madumu. Dizeli yenye maji au uchafu huziba filta, injini hukosa nguvu kwenye mlima, na lawama huangukia giaboksi isiyo na hatia.

Mtu anaweza kusema kwamba yote haya ni ya vitabuni, na kwamba fundi mzoefu hana haja nayo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, una sifa ya miaka mingi kwa gereji zake, na sikio la fundi aliyekulia humo hugundua mengi ambayo geji haiyaoni, kama besi inayolia au jointi ya propela shafti iliyolegea. Lakini sikio linatoa dhana, na hitilafu mbili zenye sababu tofauti kabisa huweza kusikika vilevile: filta iliyoziba na pampu iliyokwisha zote huinyima klachi oili. Filta hubadilishwa kwa muda mfupi. Pampu inadai kutenganisha giaboksi na injini. Kipimo hakimshushii hadhi fundi mzoefu, bali humpa ushahidi wa kumwonyesha mwenye mtambo kabla ya kumwomba pesa nyingi.

Wengine watasema mitambo mikuukuu haina vitabu, geji ni ghali, na kila siku mtambo ukilala ni kodi iliyopotea. Geji moja na viunganishi vyake huweza kuhudumia gereji kadhaa kwa zamu, na gharama yake haikaribii ile ya seti ya klachi. Pasipo kitabu, mwenye mtambo anaweza kujiandikia kitabu chake: apime shinikizo na mizunguko wakati mtambo ni mzima, aandike namba, na siku ya ugonjwa awe na cha kulinganishia. Kuhusu muda, vipimo nilivyovitaja humalizika kwa siku moja, ilhali giaboksi iliyofunguliwa bila kujua kipuri gani kinahitajika huweza kukaa chini kwa wiki nyingi ikisubiri mzigo uvuke mpaka.

Hoja nzito zaidi ni ile inayosema kwamba mtambo wa miaka 30 umechoka kila mahali, hivyo ni heri kufungua na kubadilisha vyote kwa mkupuo. Upo wakati inafaa: chuma kikionekana kwenye oili, au geji ikithibitisha kwamba klachi zote mbili zinavuja, kuendelea kupima ni kujichelewesha. Lakini kubadilisha bila kujua chanzo ni kumwachia muuaji mlango wazi. Ikiwa klachi ziliungua kwa sababu kipozea oili kimeziba kwa vumbi na matope, au kwa sababu mtu alijaza oili isiyo ya aina iliyotajwa na mtengenezaji, klachi mpya zitaungua kwa njia ileile. Tena kufungua kunaingiza hatari zake: mchanga kidogo kwenye valvu, au sili ya bei rahisi iliyokatwa wakati wa kufunga. Kwa hiyo mwenye mtambo asikubali giaboksi ishushwe mpaka awe na karatasi yenye mambo manne: hali ya oili, umeme unaofika kwenye solenoidi, shinikizo la baridi na la moto, na mizunguko ya injini breki zikiwa zimekanyagwa. Fundi anayeweza kuijaza karatasi hiyo ameshajua aagize nini kutoka Dar es Salaam. Asiyeweza, bado hajafikia hatua ya kushika spana.