Mguu wa Kuume na wa Kushoto

Wekeni mpira wa matambara uwanjani, mkamwambie mtoto aupige. Mguu mmoja utapiga, na wa pili utachukua uzito wa mwili; kila mguu una kazi yake. Mtoto mdogo hubadilibadili, mara huu, mara ule. Apatapo miaka 8 hata 11, mguu mmoja huzidi kutangulia: kwa wengi ni wa kuume, kwa wachache ni wa kushoto. Mjaribuni tena: apande jiwe kubwa, kama yale ya Singida, kisha aokote kokoto kwa vidole vya mguu. Huenda akageuza mguu, si ajabu. Wala msimcheke atumiaye wa kushoto, wala msimlazimishe. Hana kasoro, ndivyo Mungu alivyomwumba.